Shati la Kitenge la Mholanzi

Wewe unayenisikiliza, kama hujui bunge la Ulaya hufanya kazi gani, usione haya. Wengi waliozaliwa huku hawajui pia, nami nilijifunza kwa sababu tu niliombwa kuwafundisha wenzangu. Nitakwenda polepole.

Kila Jumamosi nilikutana na watu wachache kule Alby, kitongoji cha Stockholm, katika chumba cha chini cha jengo la kupanga, tukijifunza jinsi Uswidi na Ulaya zinavyoendeshwa. Tulitumia Kiswahili, kila mtu na chake: cha Bujumbura, cha Kampala, cha Bukavu, changu cha Tanga. Somo la Ulaya ndilo lililotushinda. Nikitaja kamati na bajeti, macho yanaanza kulegea. Nikaona nitafute mtu mmoja tumfuate, tuone mlango gani unafunguka baada ya upi. Nikampata Mholanzi.

Sikumchagua kwa kumpenda. Alianza kama diwani katika mji mdogo wa bandari, akachaguliwa kuingia bunge la Ulaya, akapewa kamati ya bajeti, na sasa alitajwa kwa cheo kikubwa zaidi, kile ambacho wananchi hawakupigii kura: serikali ya kwenu inakupendekeza, halafu wabunge wanakuhoji. Kila alipopita aliacha kelele. Aliwahi kuzikejeli nchi za kusini mwa Ulaya kwamba hazijui kubana matumizi. Zilipomtaka aombe radhi, aliomba kwa namna iliyoziudhi zaidi. Kisha likaja jambo la mapumziko. Alikaa na familia yake katika nyumba ya tajiri mmoja kando ya ziwa, na baadaye akatetea kanuni iliyomfaa tajiri yule yule. Alijitetea kwamba ni rafiki wa siku nyingi. Bunge likaanza kumchunguza.

Darasani jambo hilo lilituchukua Jumamosi nzima. Kulikuwa na mzee mmoja Mganda, aliyekimbilia huku akiwa kijana na kuendesha treni za chini ya ardhi mpaka akastaafu. Aliuliza kama kweli mtu anaweza kuharibikiwa kwa kulala kwa rafiki. Nikamweleza kwamba kulala si tatizo. Tatizo ni kwamba hakutangaza, na wapiga kura walikuwa na haki ya kujua. Mama mshonaji, Mkongomani aliyekaa karibu na dirisha siku zote, akasema basi ukoo wake wote ungefungwa.

Binti yangu ndiye aliyenikosesha utulivu. Amezaliwa hapa, amesomea siasa, na aliomba nafasi ya mafunzo ya kazi huko Brussels, katika ofisi ya Mholanzi huyo huyo. Nilimuuliza kwa nini yeye, na wabunge ni wengi. Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba kwake atajifunza bajeti, adabu ataileta mwenyewe kutoka nyumbani. Akabaki miongoni mwa wachache wa mwisho. Tangu hapo sikuweza kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Kila simu yake ilipolia, mimi ndiye niliyeshtuka.

Ikatangazwa kwamba Mholanzi anakuja Stockholm kuzungumza na watu kuhusu Ulaya, katika ukumbi mmoja mjini. Niliwaambia darasani, maana lilikuwa somo letu. Mzee akaniuliza: mtoto wetu anaomba kazi kwa mtu, mtu huyo anakuja mjini kwetu, tutajifanya hatumjui? Kwao, kama kwetu, wakubwa hutangulia kumwombea mtoto, na hawaendi mikono mitupu. Nilieleza kwa utaratibu kwa nini huku haifanyiki hivyo. Wakaitikia kwa adabu, kama watu wanavyomwitikia mwalimu.

Siku ya mkutano nilikwenda na binti yangu, nikabadilisha kiti mara kadhaa. Waandishi wa habari walikuwa wengi kwa sababu ya ile nyumba ya ziwani. Mholanzi alizungumza vizuri, lazima niseme, bila karatasi. Alipomaliza, watu wakajipanga kumsalimia, na hapo nikamwona mzee kwenye mstari, amefunga tai, na nyuma yake mama mshonaji na mfuko.

Mzee alimshika Mholanzi mkono akamwambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba wana mtoto kwake, na wamekuja kumkabidhi. Akamwonyesha binti yangu, aliyekuwa amesimama kando akitamani sakafu ipasuke. Mama mshonaji akakunjua shati la kitenge, bluu yenye maua ya njano, rangi za bendera ya Ulaya. Vipimo alivichukua kwenye televisheni.

Mholanzi alicheka, na nadhani alicheka kwa furaha ya kweli. Alinyoosha mkono kulishika. Msaidizi wake akamgusa kiwiko, kamera zikalia, na ule mkono ukarudi ukaingia mfukoni. Mama mshonaji hakuelewa. Akasogea akaulaza mkono wa shati juu ya bega la Mholanzi mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Nilikuambia," akamwambia mzee kwa Kiswahili. "Inamutosha kabisa."

Picha ilitoka siku ile ile, na watu mtandaoni wakatania kwamba hiyo ndiyo zawadi pekee ambayo Mholanzi amewahi kuikataa.

Kesho yake msaidizi alimpigia binti yangu simu, nyumbani kwetu Vällingby. Alikuwa mpole. Alieleza kwamba katika hali ya uchunguzi, ofisi haiwezi kumchukua mtu ambaye ndugu zake wameonekana wakimpa bosi zawadi. Lakini kama binti angeandika maneno mafupi, kwamba hawajui wale watu wala hahusiani nao, jina lake lingebaki. Kwa damu, ingekuwa karibu na kweli. Ila miaka niliyofanya usafi maofisini kule Kista jioni, mama mshonaji ndiye aliyemchukua kutoka shule na kumlisha, na mzee ndiye aliyemfundisha kusoma ramani ya treni.

Binti alizunguka meza ya jikoni, nami nikazunguka upande mwingine, tukawa kama watu wanaokimbizana. Akaniuliza mimi ningefanyaje. Nikaanza kueleza: kwa upande mmoja hiki, kwa upande mwingine kile.

"Mama, usinifundishe. Niambie."

"Ningeandika," nikasema. "Halafu nisingeweza kukanyaga tena Alby."

Aliniangalia bila hasira. Kisha akakaa akaandika: kwamba anawajua, kwamba wamemlea, kwamba zawadi ilikuwa mawazo yao wenyewe na hakuiomba, na kwamba walikokulia, kumheshimu mtu ndiko huko. Alinisomea kwa Kiswidi, akatuma kabla sijapata neno la kusahihisha.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa ambazo sitaki kuzikumbuka. Nafasi alipewa mwingine. Mholanzi naye alijitoa kwenye kile cheo kikubwa kabla ya kuhojiwa. Wapo wanaotania kwamba ni shati. Si kweli, ni ile nyumba. Amebaki mbunge, na bado anagomba kuhusu bajeti, na mara nyingine, nakiri, ana hoja.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alikuja Alby. Mzee alisimama kumwomba radhi, akashindwa kuanza, akaona bora aulize swali. Kama zawadi ni kosa, na kusimama kwenye mstari ni aibu, mtu wa huko juu atajuaje kwamba sisi tupo?

"Muulize kitu, babu," binti akasema. "Analipwa akujibu."

Basi tukafanya hivyo mchana ule. Tulimwandikia mmoja wa wabunge waliochaguliwa kutoka Uswidi, tukamuuliza alipiga kura gani kuhusu wabunge kutangaza safari wanazolipiwa. Mama mshonaji alitaka tuanze kwa kumuuliza hali ya watoto wake. Tulibishana, tukamwachia sentensi moja. Jibu lilikuja, refu, lenye maelezo yaliyotupa kazi ya Jumamosi mbili. Binti yangu ameomba nafasi nyingine kwa mbunge mwingine, nami nimeanza tena kunywa chai nikiwa nimesimama.

Nawe unaweza. Tafuta jina la mbunge anayewakilisha unakoishi. Andika swali moja, lile linalokusumbua kweli, na useme ni uamuzi upi unaouliza. Weka jina lako na anwani ya kujibiwa. Tia karatasi hiyo kwenye bahasha, na usitie kitu kingine chochote.