Mabukwe Nyuma ya Pikipiki

Mume wangu alipofariki, ukoo wake wote ulijua nifanye nini na pikipiki yake. Wa kwanza kujua alikuwa shemeji yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa Kigobe kwenye nyumba yenye geti jeusi. Matanga yalikuwa hayajaondolewa, viti vya kukodi bado viko uani, naye ameshampata mnunuzi. Akamleta. Yule mtu aliizunguka pikipiki, akabonyeza tairi kwa ncha ya kiatu, akaniuliza mimi mjane kama betri ni ya zamani. Nikamwambia siiuzi.

"Utaifanyia nini?" shemeji aliuliza, kwa sauti ya upole iliyonikera kuliko ukali. "Hata kuiwasha hujui."

Kweli sikujua. Nilikuwa nimechoka tu kuambiwa. Siku zile niliambiwa nihame mtaa wetu wa Buterere kabla mvua hazijaingiza maji ndani ya nyumba, nirudi Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa wazazi wangu, nisithubutu kurudi Uvira, niwapeleke watoto shule ya bweni, niache kazi ya bandarini kwa kuwa ni kazi ya wanaume. Nilihitaji kitu kimoja cha kusema hapana, na pikipiki ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Fundi mmoja jirani alikubali kunifundisha. Tulikwenda kwenye njia ya udongo katikati ya mashamba ya mpunga, mimi nikijivuta na yeye akinipigia kelele. Mtu yule hakuwa na subira hata chembe. "Acha kuangalia gurudumu!" alifoka. "Gurudumu halitoroki! Tazama unakokwenda!" Nikatazama nilikokuwa nakwenda, nikaona ni mfereji, nikaingia ndani yake. Wanawake waliokuwa wanapalilia walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini kwenye maji. Nilitoka nimejaa tope hadi kwenye masikio, nikapanda tena. Sisemi ulikuwa ujasiri. Niliona aibu kurudi nyumbani nikiwa nimelowa hivyo na bado sijui kuendesha.

Nilijua hatimaye. Nikaanza kwenda nayo kazini.

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Meli inafika kutoka Kigoma na saruji. Mwenye saruji ananipigia simu kabla hata kamba hazijafungwa. Ofisini wanataka karatasi ambayo wiki iliyopita hawakuitaka. Nikiileta, mwenye muhuri amekwenda kula. Akirudi, umeme umekatika. Wapagazi wananifokea kwa kuwa wanasubiri, mwenye mzigo ananifokea kwa kuwa analipia ghala, na mimi namfokea nani? Nilikuwa narudi nyumbani nimeuma meno mpaka taya zinaniuma.

Na nyumbani alikuwepo mabukwe. Ndivyo tunavyomwita huku mama wa mume. Alishuka kutoka kilimani kwao, mbele ya Muramvya, akasema amekuja kunisaidia watoto. Alikuja na gunia la maharage, mkeka, na maoni. Chumvi yangu nyingi. Mapazia yangu mafupi. Kirundi changu kinamuumiza kichwa, kwa hiyo alizungumza nami Kiswahili alichookota zamani alipokuwa anauza ndizi sokoni, Kiswahili cha amri tupu. Lakini kilichomchoma zaidi ni pikipiki.

"We mukazana wangu," alikuwa akisema, maana kwao mkwe wa kike ndiye mukazana, "mwanamuke anapanua miguu juu ya mashini, watu wanaona. Iko haya."

Ndipo nilipoanza safari zangu za Jumamosi. Kila wiki nilipika, nikafua, nikawaachia watoto chakula, halafu nikatoka na barabara ya kusini, ziwa likiwa kulia kwangu, mpaka Rumonge, na mara nyingine mbele yake. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa raha. Njia ile imeliwa na maji sehemu nyingi. Mbuzi wanalala katikati kama wameilipia. Wadudu wanaingia kwenye shingo. Lakini barabara mbaya haikupi nafasi ya kufikiri jambo lingine. Ukianza kumjibu mtu wa forodha kichwani mwako, shimo linakukumbusha ulipo. Baada ya mwendo mrefu nilikuta mabega yameshuka yenyewe, na ninapumua mpaka tumboni. Nilikuwa narudi jioni nimechoka mwili mzima, nikiweza kusikia habari ya mapazia bila kutaka kurusha sufuria.

Haikupita muda, mtaa ukaamua kwamba nina mwanamume Rumonge. Wanawake wa kanisani walikuja kuniombea, mabukwe akawapikia chai. Mmoja aliomba kwa sauti Mungu azifunge njia zangu. Nilisema amina na wenzangu, halafu Jumamosi nikatoka kama kawaida.

Mabukwe mwenyewe hakuniuliza chochote. Kila niliporudi nilimkuta amekaa mlangoni. Ananitazama, anasonya, anaingia ndani. Mlinzi wa gereza asingefanya vizuri zaidi.

Kisha siku moja wakati wa uhaba wa mafuta ikaja habari kutoka kilimani: mdogo wake wa kike anakufa. Mabasi yalikuwa yamelala. Foleni ya petroli ilizunguka kituo na kupotelea mtaa wa pili. Mabukwe alimpigia mwanawe wa Kigobe, mwenye magari mawili, akaambiwa asubiri mafuta yapatikane. Mimi tangi langu lilikuwa limejaa, maana nilikesha kwenye foleni kwa ajili ya Jumamosi yangu.

Asubuhi nilimkuta mlangoni amefunga imvutano begani, ile nguo nyeupe ya akina mama ya siku kubwa, na mzigo wake miguuni.

"Tunaenda," akasema.

"Na nini, mama?"

Akaelekeza kidevu bila kuitazama. "Na ile kitu yako."

Mzigo wenyewe ulikuwa kifuko cha mchele, chupa kubwa ya mafuta ya mawese, na kuku mzima aliyefungwa miguu. Nilimwambia kuku haendi. Akasema hawezi kumtembelea mgonjwa mikono mitupu. Nikasema mchele si mikono mitupu. Tulibishana mpaka kuku mwenyewe akachoka, akafumba macho. Kuku alibaki. Halafu tukaanza ubishi wa namna ya kukaa. Alitaka kukaa upande, miguu pamoja.

"Kupanda mlima wa Bugarama simbebi mtu upande," nikamwambia. "Kona zile zitakumwaga bondeni."

"Mi si mwanaume."

"Basi baki."

Aliingia ndani akafunga mlango. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kufungua kamba za mzigo. Alipotoka, chini ya kanga alikuwa amevaa suruali ya mume wangu, ile ya kazi ya rangi ya majani makavu, ameikunja miguuni na kuikaza kiunoni kwa kipande cha kitenge. Kumbe alikuwa nayo. Nilimfunga kaske kichwani, ile kofia ngumu ya pikipiki, akalalamika inanuka watu, tukaondoka.

Nimebeba mifuko ya saruji, nimebeba watoto wawili na mtungi wa gesi. Sijawahi kubeba kitu kizito kama mama yule. Tulipopita Kamenge alikuwa anasali kwa sauti. Barabara ilipoanza kupanda, akaacha kumwelekeza Mungu, akaanza kunielekeza mimi. Punguza. Ongeza. Piga honi. Kwa nini unapiga honi? Akitaka nisimame, ananigonga kaske kwa ngumi, na alitaka nisimame kila alipomwona mtu anayemfahamu, au anayefanana na mtu anayemfahamu. Baiskeli zenye mikungu ya ndizi zilikuwa zinashuka kwa kasi ya kutisha, na yeye anainua mkono kuwasalimia.

Lakini ubaya hasa ulikuwa kwenye kona. Pikipiki inalala kidogo inapokata kona, na abiria analala nayo. Mabukwe alikuwa anafanya kinyume. Nikiinama kulia, yeye anajitupa kushoto. Nilikuwa navuta usukani kwa nguvu zote kuzuia uzani wake.

"Mama, egemea ninakoegemea mimi!"

"Apana! Tutaanguka!"

"Tutaanguka kwa sababu huegemei!"

"We unaanguka, mi nanyoosha!"

Karibu na Bugarama ukungu ulitushukia, na manyunyu, na barabara ikawa na utelezi. Lori likatokea mbele yetu kwenye kona, limekula nusu ya njia yetu. Niliinama kulikwepa. Mabukwe alijitupa upande wa pili kwa nguvu zake zote. Tulitoka barabarani polepole, kama kwa heshima, tukalala kwenye tope la kando, chini ya shamba la kabichi.

Hatukuumia. Nilimvua kaske, nikamshika mikono, nikamshika magoti, yuko mzima. Chupa ilikuwa imepasuka na mafuta mekundu yamemwagika juu ya mchele na juu ya ile nguo nyeupe. Akatazama nguo yake, akafungua mdomo.

"Niliwaambia wote," akaanza, "ile kitu—"

Hapo nikapasuka. Nilisimama kwenye mvua ile nikasema yote. Chumvi. Mapazia. Wale wanawake wa maombi na chai aliyowapikia. Kirundi changu, ambacho ni kibaya kwa sababu kila nikikisema anacheka. Kumlilia mume wangu nikiwa bafuni kwa sababu sebuleni yupo yeye analia kwa sauti zaidi. Mlango! Kukaa pale mlangoni kila Jumamosi kunihesabia nyayo, kama mimi ni mwizi katika nyumba ninayoilipia mwenyewe! Mpanda baiskeli aliyekuwa anasukuma mkaa alisimama kutusikiliza, kisha akaona aibu akaendelea.

Mabukwe alikuwa amekaa kwenye tope, mikono kwenye mapaja.

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Maliza basi."

Nikakosa kilichobaki. Akachota mchele kwa kiganja, akaanza kuutenga na ule uliolowa mafuta, na kusema hivi akiutazama mchele:

"Mutoto wangu alienda kwa hospitali na homa, peke yake, juu ya hii mashini. Ulimwambia apande teksi, akakataa. Mi najua, uliniambia. Halafu mashini ikarudi, kaka yake ndiye anaileta. Sasa kila Jumamosi we unatoka nayo. Mi nafanya nini? Nakaa pa mulango. Nikisikia ile moteri inakuja, nachungulia kama ni we uko juu. Nikiona ni we, naenda kulala."

Bado nilikuwa na hasira; hasira haiondoki kwa sababu mtu amesema kweli. Ningependa angeniambia mapema, mwaka mzima nimemwona mlinzi wa gereza. Nilichuchumaa tukaokota mchele pamoja. Kisha nikainua pikipiki, naye akaisukuma kutoka nyuma akiguna. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika. Kabla ya kupanda nilimshika kiuno nikamwonyesha: hivi kulia, hivi kushoto, usinisaidie, kuwa kama gunia.

"Gunia la nini?"

"La chochote, mama. La maharage."

Akapanda, akanishika, na kwenye kona iliyofuata akalala nami. Na iliyofuata. Sijui nieleze vipi wepesi ule. Injini ile ile, mlima ule ule, lakini tulipanda kama tumeshusha mzigo.

Tulifika kwao mchana, tumejaa tope na mawese. Mgonjwa anayekufa alikuwa amekaa uani juani anatoa maharage kwenye maganda.

"Nani amesema nakufa?" akauliza. "Nilikuwa na kikohozi."

Mabukwe alimtazama, akajitazama, suruali, nguo nyeupe iliyogeuka nyekundu. Sijui kama nimewahi kusikia Kirundi kikitoka kwa kasi ile. Mdogo wake akajibu kwa kasi hiyo hiyo. Niliwaacha wagombane, nikaosha pikipiki kwenye kijito, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na baada ya hapo machozi yalikuwa machozi tu, na sikuona haja ya kujificha.

Tulilala huko. Wakati wa kurudi hakugonga kaske yangu hata mara moja. Mtelemko ule anauogopa kuliko kupanda, nikasikia anapumua kwa nguvu mgongoni kwangu, ila alilala kila kona.

Ningependa kusema tangu hapo amani imetawala. Chumvi bado ni nyingi. Mapazia aliyarefusha mwenyewe nikiwa kazini, kwa kitambaa nisichokipenda. Mpaka leo simwambii mambo mengi, wala yeye haniambii. Na Jumamosi zangu ameziharibu, kwa maana kila baada ya safari mbili tatu anataka twende wote. Nilichokuwa nataka ni upweke, sasa upweke wangu una kaske yake ya kununuliwa, rangi ya waridi, na unataka kusimama kujisaidia.

Jumamosi iliyopita tulifika Rumonge. Aliteremka kununua mawese kwa mama mmoja wa barabarani, akabishania bei kwa muda ambao ningeweza kufika Nyanza-Lac na kurudi. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, injini imeshapoa. Yule mama muuzaji akamwuliza mimi ni nani, mwanawe?

"Dereva wangu," mabukwe akajibu, bila kugeuka. "Anaenda mbio sana, lakini namufundisha."