Siku Tulipokimbilia Kahawa

Enzi zile kwetu Hasamba, mtoto alijua kusoma mawingu kabla hajajua a, e, i, o, u. Wenzangu mliokulia kwenye kahawa mnanielewa. Msimu wa kuanika, uwe unacheza rede, uwe unakula, uwe umejificha chooni kukwepa kazi ya kuchota maji, jicho moja lilibaki juu. Vijana wa siku hizi wanaangalia simu ili kujua kama kuna mvua, na mvua yenyewe inawanyeshea huku wanaangalia.

Kahawa ilikuwa na utawala wake pale nyumbani. Tukishaikoboa kwa ile mashine ya mkono na kuiosha mpaka vidole vinajikunja, ilipanda kwenye vichanja, yaani meza ndefu za miti zilizotandazwa wavu, na kuanzia hapo sisi tulikuwa watumishi wake. Igeuze. Ichambue. Jua likiwa kali mno, ifunike, na jioni ifunike tena. Nakumbuka harufu yake iliyofanana na uji ulioanza kuchacha, na kande tulizokula tumesimama, mkono mmoja kwenye bakuli na mwingine unafukuza kuku. Wingu likitokeza upande wa Ileje, Mama aliita neno moja tu, "Kahawa", na kila mwenye miguu alikimbia. Hakuna aliyeuliza. Hata mgeni aliyekuja kusalimia aliacha soda yake akakimbia nasi.

Visulisuli tulivizoea. Kiangazi kikikolea vilizunguka barabarani na majani makavu na mifuko ya nailoni, nasi tukivikimbilia katikati tukiwa tumefumba macho, tukatoka weupe kwa vumbi kama tumetoka mashine ya kusaga. Mama alikataza. Alisema, "Mtapinda midomo, na mimi sina hospitali ya kunyoosha midomo." Tulijikagua kwenye kioo, tukakuta midomo iko sawa, tukarudi.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, nikiwa darasa la nne. Baba alikuwa ameenda Vwawa. Kahawa ya mwisho ya msimu ilikuwa juani, kichanja kimoja tu, imebaki siku mbili ikauke sawasawa. Nyumbani tulikuwa Mama, kaka yangu Yona, mimi, na mdogo wetu Neema, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka mitatu. Neema alikuwa amekunywa uji akalala kitandani kwa wazazi.

Yona ndiye aliyeona kwanza. Alisema kuna mtu anachoma shamba ng'ambo ya bonde. Tukatazama, na kweli ulionekana kama moshi, mweusi, mwembamba chini na mnene juu. Ila moshi hupanda, na huu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye wingu, unajinyonga na kutembea. Kisha tukausikia. Mlio wake ulikuwa wa lori lenye mzigo linapandisha mlima, tofauti ni kwamba huku kwetu hakukuwa na barabara ya lori. Nikaona mti mzima wa mkaratusi umeinuka, ukazunguka mara moja taratibu, ukapotea humo ndani.

Mama akaita, "Kahawa."

Tukakimbia. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kufanya kitu kingine, na jibu langu ni kwamba miguu haikuniuliza. Tulilivuta turubai, tukalikunjua juu ya kahawa, Yona akashika kona zake, mimi zangu, nimepiga magoti na kukumbatia mguu wa kichanja. Mama alijilaza kifudifudi juu ya turubai, mikono ameitandaza. Upepo ukafika. Sikuona kitu tena, mdomo wangu ulijaa mchanga, na turubai lilinipiga usoni mpaka nikalia. Nilisikia mabati yanalia, halafu mlio mmoja mkubwa, halafu mvua ya matone mazito machache, halafu kimya.

Tulipofumbua macho kahawa ilikuwepo. Yona alicheka. Namkumbuka alivyocheka, uso wote vumbi, akasema, "Mama, hata punje haijaenda." Mama naye akatabasamu, akaanza kufuta mikono kwenye kanga. Kisha akageuka kuiangalia nyumba.

Paa la upande wa chumba cha wazazi halikuwepo. Lilikuwa limelala kwenye mibuni na mbao zake zote, na tofali za juu ya ukuta zilikuwa zimeporomokea ndani. Hapo ndipo niliposikia Mama akisema jina la Neema, tena kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau sokoni. Sijawahi kusikia sauti ile tena na sitaki.

Kitanda kilikuwa kimejaa tofali. Mama alizirusha kwa mikono miwili, nyingine zikitupiga sisi miguuni, na mimi nilisimama mlangoni nikiona punje za kahawa zimemganda magotini. Chini ya tofali kulikuwa na blanketi. Chini ya blanketi hakukuwa na mtu. Mama akasimama, amelishika lile blanketi, hajui atafute wapi. Ndipo kuku alipolalamika chini ya kitanda. Tulikuwa na tetea aliyeatamia humo, kama nyumba nyingi za wakati ule, na Neema alikuwa ameamka akashuka kwenda kumchokoza. Tulimkuta amejibana ukutani, kamkumbatia tetea wa watu, gauni lote viini vya mayai yaliyopasuka. Hakuwa na hata mchubuko. Alilia tu pale tulipomnyang'anya kuku.

Baba aliporudi jioni, majirani walikuwa wameshajaa uani, wakisifu jinsi tulivyookoa kahawa. Mama alikuwa amembeba Neema mgongoni, na alilala naye mgongoni, ameketi.

Kuanzia hapo utaratibu wa nyumba ulibadilika bila mtu kutangaza. Wingu likitokeza, Mama alisimama katikati ya uwanja, akaita majina. "Yona." Nipo. "Sekela." Nipo. "Neema." Nipo. Akishatuona wote watatu kwa macho, ndipo aliposema kahawa. Mwaka uliofuata Neema alichelewa kuitika, alikuwa kwa jirani, na Mama alimtafuta mpaka mvua ikanyeshea vichanja viwili vizima. Kahawa ile iliota ukungu. Baba aliitazama, akamtazama Mama, akaenda kuchukua jembe. Nadhani ndiyo siku niliyompenda baba yangu kuliko zote.

Leo watu wanajenga nyumba imara, mabati yamefungwa kwa bolti, na watoto wetu wakiona wingu linazunguka watasogea karibu walipige picha. Siwalaumu. Hawajawahi kutumwa na kahawa. Yona yuko Tunduma na biashara zake za mpakani, Neema anafundisha Dodoma, mimi niko Mbeya mjini. Mama amebaki Hasamba, na wingu likitanda kule kwake anachukua simu na kutupigia, kwa mpangilio uleule. Neema humtania, "Mama, mvua ya Hasamba na mimi wa Dodoma wapi na wapi?" Anadhani ni uoga wa uzee. Hakumbuki chochote, na kisa anachokijua yeye ni cha kuku tu. Mama hajawahi kuniomba nimfichie siri, wala mimi sijawahi kuitoa.

Siku nyingine Neema yuko darasani, hapokei. Basi Mama hunirudia mimi, anauliza mwenzangu yuko wapi. Namjibu yuko ndani, Mama, nimetoka kuongea naye sasa hivi. Namjibu hivyo hata kama sina habari zake tangu wiki iliyopita.