Matanga ya Pikapu

Habari ilitufika siku ya Ijumaa, tumo kwenye chakula cha mchana. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alipiga simu kutusalimia, na katika mazungumzo akasema amesoma kwamba pikapu kama ile ya kaka yake hazitengenezwi tena. Kiwanda kimeamua. Zilizokwisha kutoka ndizo hizo hizo.

Mume wangu akarudisha tonge sahanini, akauliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

Sauti ile nilikuwa nimeisikia mara mbili tu tangu anioe: siku aliyofariki baba yake na siku aliyofariki mama yake. Hakumaliza kula. Alinawa mikono, akatoka nje, akasimama mbele ya pikapu iliyoegeshwa ubavuni mwa nyumba yetu ya Tibirinzi, akaanza kuifuta kioo kwa leso yangu mpya.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe, kwa mujibu wa karatasi zake. Haikuwa kubwa kama lori wala ndogo kama zile ambazo ukipakia magunia manne zinainua pua. Mume wangu aliitumia kuchukua mihogo, karafuu na watu baina ya Pujini na mjini Chake Chake, na kwa maneno yake haikupata kumwangusha hata siku moja. Mimi niliyekuwa nikiisukuma nilikuwa na maneno yangu, lakini sikuulizwa. Mlango wa abiria ulikuwa haufunguki. Nilipopata uchungu wa mtoto wetu wa tatu, nilipandia upande wa dereva, nikajikokota na tumbo langu mpaka upande wa pili, na njia nzima ya hospitali mume wangu aliniuliza mara mbili naendeleaje, na mara tatu kama nasikia mlio kwenye gurudumu la nyuma.

Kisiwani kwetu waliokuwa na pikapu ya aina ile nilikuwa nikiwajua wanne, naye akiwa mmoja wao. Wa pili alikuwa mkulima wa Pujini. Wa tatu alikuwa ofisa mstaafu wa serikali, anakaa Jadida kule Wete. Wa nne alikuwa Muhindi mwenye duka la jumla hapo Chake, ambaye babu yake aliuza unga kwa babu zetu. Hawakuwa na udugu wala urafiki wa kuzidi, ila wakikutana barabarani kila mmoja alisimamisha yake katikati ya njia, wakaulizana hali za injini kwanza, za wake baadaye.

Jumamosi asubuhi wote watatu walikuwa barazani kwetu. Ofisa alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Muhindi alikuja na kopo la halua. Mkulima alikuja mikono mitupu, akakaa, akatikisa kichwa muda mrefu.

"Tumo katika mtihani," akasema.

"Kazi ya Mungu," akajibu mume wangu.

Mimi nikapika kahawa. Nikapika tena adhuhuri. Jumapili wakarudi, na Jumatatu pia, nami nilipotoka skuli, ambako nilikuwa nikisomesha Kiingereza, niliwakuta palepale. Bibi mmoja jirani yetu, mtu wa heshima na asiyesikia vizuri, aliona viatu mlangoni siku tatu mfululizo, akaja na sahani ya wali imefunikwa kawa.

"Poleni, wanangu," akasema. "Marehemu alikuwa na umri gani?"

Mume wangu, bila kufikiri, akajibu, "Miaka ishirini na miwili, bibi."

"Masikini, mdogo hivyo," akasema yule bibi, machozi yakamlengalenga. "Alikuwa akiumwa?"

"Giaboksi kidogo," akasema mkulima.

Ikabidi mimi nimwinamie sikioni, nimweleze kilichofariki ni nini. Alinitazama, akawatazama wanaume wanne wazima mmoja baada ya mmoja, akachukua sahani yake ya wali na kawa lake, akarudi kwake. Kwa wiki nzima hakuitikia salamu ya mume wangu, na sikumlaumu.

Ofisa mstaafu ndiye aliyependekeza tumwite Shehe wa msikiti wetu aombe dua. Shehe alikuja, akanywa kahawa, akasikiliza yote kwa adabu.

"Dua ya riziki nitakuombeeni," akasema mwisho. "Dua ya afya nitakuombeeni. Ya gari sina. Miye nakwenda kwa miguu tangu nizaliwe."

Dua iliposhindikana, wakaamua kuandika barua. Barua iende huko huko kiwandani, na kwa kuwa anwani iliyokuwa kwenye kitabu cha gari ilikuwa ya Kiingereza, mwandishi nikawa mimi. Nilikaa mkekani na daftari langu, wao wakasema. Ofisa alitaka barua iwe na kumbukumbu namba na nakala kwa mabalozi wote. Mkulima alitaka niandike kwamba aliyekata shauri hilo aje Pujini wakati wa masika, apande kile kilima chetu cha udongo mwekundu na gari nyengine yoyote aipendayo, kisha tuzungumze.

"Atakaa wapi akija?" nikauliza.

"Kwangu," akasema mkulima. "Kuku wapo."

Muhindi, mtu wa biashara, alitaka tuombe kitu kinachowezekana: kama wamefunga, basi wafunge, lakini vipuri wasiache kutengeneza. Mume wangu alisikiliza wenzake mpaka wakamaliza, halafu akasema, "Waandikie hivi, Mwalimu. Waulize walimshauri nani."

Niliandika yote, hata kuku. Nilipunguza ukali kidogo, kama ninavyofanya kwenye barua za wazazi.

Jibu lilichukua miezi mingi, na lilipofika lilikuwa bahasha nene. Wakaitana. Nikaifungua mbele yao, nikawatafsiria. Walitushukuru kwa mapenzi yetu. Walisikitika. Walisema nyakati zimebadilika na wateja wa leo wanataka raha wanaposafiri. Juu ya kilima chetu hawakusema kitu. Wakatuletea kitabu cha picha za pikapu mpya, kubwa, inang'aa, imesimama juu ya theluji.

Wakakipitisha mkono kwa mkono.

"Hapa pana tundu," akasema mkulima. "La nini?"

Nikasoma. "La kuwekea kikombe."

"Kikombe cha nini?"

"Chai. Kahawa."

"Ntu anaendesha gari huku anakunywa chai?"

Mume wangu alipima kwa vidole sehemu ya nyuma ya gari kwenye picha, akasema hapo mihogo itakaa kama wageni. Siku hiyo wote wanne wakaahidiana kwamba gari ile haitoingia katika majumba yao. Ofisa alitaka tuandike mkataba. Nikamwambia karatasi zimekwisha.

Mwaka uliofuata gari ile ikashuka bandarini Mkoani, rangi ya fedha, na mwenyewe ni Muhindi wetu.

Sijapata kuona mtu akinuniwa kwa adabu namna ile. Mume wangu aliendelea kununua unga dukani kwake, akimwamkia na kumuuliza hali ya wazee wake. Lakini gari ikiwa imesimama nje ya duka, yeye hupita upande wa pili wa njia. Muhindi alijitetea kwangu siku moja nilipokwenda kununua sukari. Alisema mgongo unamuuma na yake ya zamani imekwisha kabisa. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyeoa mke wa pili anayetaka kueleweka.

Halafu ikaja harusi ya binti wa mkulima. Tulitoka Tibirinzi asubuhi, mimi na mume wangu na masufuria yangu makubwa mawili ya kupikia pilau, na mvua ya masika ilianza kabla hatujafika nusu ya njia. Pikapu ikalia mlio ambao hata mimi niliujua kuwa si wa kawaida, ikasimama. Mume wangu akaingia chini, akatoka ana matope mpaka kwenye kofia, akasema inapumzika.

Tukiwa tumekaa humo, ikaja ile ya fedha. Muhindi alikuwa akipeleka mchele harusini kwa mkulima. Akasimama, akateremsha kioo.

"Ndugu yangu, ingieni."

"Ahsante, tunangojea," akasema mume wangu.

"Mnangojea nini?"

Mume wangu akafikiri. Mimi sikufikiri. Nilimpita mume wangu, nikatokea mlango wa dereva na masufuria yangu, nikaingia ndani ya ile mpya, nikafunga mlango, na mlango ukafungika. Mume wangu hakuwa na la kufanya, lakini akasema yeye atakaa nyuma, juu ya magunia ya mchele yaliyofunikwa turubai, kwa sababu hapendi kumsumbua mtu kwa matope yake. Tukaenda hivyo, sisi ndani na yeye juu ya mchele katika mvua, kwa mwendo wa kama dakika kumi. Kisha tukasikia akigonga kioo.

Aliingia, akakaa kiti cha nyuma. Palikuwa kimya mle ndani, mvua tukiiona tu. Tukafika kilima cha udongo mwekundu. Mimi na Muhindi tukashika pumzi, maana habari za kilima kile tulikwisha kuwaandikia watu wa ng'ambo. Gari ikapanda. Haikuteleza hata mara moja. Niligeuka kumtazama mume wangu nione uso wake, nikamkuta amelala, kinywa wazi. Miaka yote ile ya pikapu yake hakupata kufumba jicho garini, kwa makelele.

Mimi na Muhindi hatukumsimulia habari ya kilima. Tulimwacha abaki na anavyoamini mwenyewe.

Pikapu ilivutwa na lori, ikatengenezwa kwa vipuri vya ile ya zamani ya Muhindi, boneti pia. Ofisa alipoacha kuendesha, nayo ya Jadida ikaletwa ikachukuliwa mlango, kwa hiyo yetu ikawa na ubavu wa buluu na pua ya kijani. Jioni moja nilimuuliza mume wangu, bila mzaha, kwa nini ilimuuma vile.

"Walifunga wala hawajui kama sisi tupo," akasema. "Basi."

Macho yake yalipopungua nguvu, aliikabidhi kwa mkulima, na mkulima akatoa injini akaifunga kwenye pampu ya maji ya bustani yake. Mume wangu huenda Pujini kila baada ya siku chache, husema anakwenda kumjulia hali rafiki yake. Nilifuatana naye mara moja. Mkulima aliiwasha, wote wawili wakasimama mbele yake mikono nyuma, wakasikiliza.

"Inataka oili," akasema mume wangu, akaanza kukunja mikono ya kanzu.