Moyo wa Mbwa wa Baba

Jumapili moja mchana nilikuwa namtoa mbwa kupe, ndo mkono wangu ukakuta kile kitu. Kupe wanapenda kujificha kwapani, pale nyuma ya mguu wa mbele ambapo manyoya ni machache. Nimemlaza ubavu, nachokonoa, kiganja kimeegemea mbavuni. Moyo unapiga. Unapiga, unapiga, halafu kimya. Nikasubiri. Ukarudi mbio mara tatu, kama mtu aliyejikwaa anakazana asianguke, halafu kimya tena.

Nikadhani mkono umekufa ganzi. Nikajishika shingoni, wangu unaenda sawa. Nikamshika tena mbwa, yaleyale. Nikamwita mama aje ashike, mama akajibu kutoka jikoni kwamba yeye anasonga ugali, nisimletee habari za kupe.

Mbwa alikuwa wa baba. Baba alilinda godauni moja huku kwetu Temeke, akamwokota kwenye mtaro akiwa mdogo wa kuenea kwenye kofia, na toka hapo wakawa wanakwenda lindo wawili. Baba alifariki kwa presha, miaka miwili kabla ya hiyo Jumapili. Alianguka bombani mara mbili, mara zote mbili tukasema ni uchovu wa lindo. Ya tatu hakuamka. Mbwa akabaki, mzee tayari, mdomo umeota mvi, na kazi akabadilisha mwenyewe bila kuambiwa na mtu: akaacha kulinda godauni, akaanza kunilinda mie. Nikigombana na mtu anakuja anasimama katikati yetu, manyoya ya mgongo yamesimama, anabweka mpaka huyo mtu aondoke. Na mie nilikuwaga nagombana kila siku iendayo kwa Mungu. Nauza mitumba sokoni Tandika, na mitumba haiuzwi kwa kunong'ona. Sauti ya sokoni nilikuwa narudi nayo nyumbani kama ilivyo.

Wiki ile nzima nilikuwa kwenye simu natafuta. Shule niliishia form two, mengine yote nimejifundisha, na niliyoyasoma yalizidi kunichanganya. Huku wanasema moyo wa mbwa kuruka ni kawaida, kule wanasema mkimbize kwa daktari. Mwisho nikamfunga kamba, tukatembea taratibu mpaka kwa bwana mifugo mwenye duka la dawa za mifugo barabarani. Ni mzee wa makamo, wateja wake ni wafuga kuku na watu wenye ng'ombe wawili watatu huko Kigamboni. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akacheka kidogo.

"Watu wananiletea mbwa wana vidonda, wana minyoo. Wewe umeniletea mapigo. Nani kakufundisha?"

Nikamwambia mkono.

Akapiga magoti sakafuni, akavaa mipira yake ya masikioni, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, mteja wa chanjo ya kuku akachoka akaondoka. Halafu akanivisha na mie ile mipira. Akaniambia mbwa mzima moyo wake unafuata pumzi: akivuta hewa unaharakisha, akitoa unapunguza, ndo huko kuruka nilikosoma kwenye simu. Nikaangalia mbavu zinavyopanda na kushuka, nikasikiliza. Moyo haukufuata pumzi. Haukufuata kitu chochote. Ulikuwa kama watu wanaogombea mlango.

"Kazeeka, binti," akasema. "Sina mashine ya kuutazama kwa ndani, na hata ningekuwa nayo, moyo mwingine wa kumwekea sina."

Akanipa vidonge vya kumtoa maji mwilini. Asile chumvi, kwa hiyo makombo ya dagaa basi. Asikimbizwe, akae kivulini. Nikawa naitikia kila kimoja, naam, naam. Cha mwisho akakisema huku anafunga begi lake: asishtuliwe. Akishtuka sana anaweza kuanguka, na akianguka anaweza kuamka au asiamke.

Njiani narudi nilikuwa nafikiria radi. Nafikiria bodaboda zilizotolewa eksozi. Nilikuwa nahesabu kelele zote za mtaa ule isipokuwa moja.

Niliijua siku ya tatu yake. Nimekaa mlangoni kwetu, mbwa kalala, kiganja nimekiweka mbavuni kwake kama nilivyokuwa nafanya kila jioni. Akanipigia mwenzangu wa sokoni kunieleza kwamba kuna dada kahamishia mzigo wake kwenye meza yangu. Nikaanza kufoka. Sijafika hata sentensi ya pili, nikahisi chini ya kiganja moyo umelipuka. Ulitetemeka kama simu iliyowekwa vaibresheni. Mbwa macho yamefunguka, masikio juu, anajiinua kwa miguu ya mbele aje anisaidie kugombana na mtu aliyeko Tandika. Nikanyamaza. Ukachukua muda, ukashuka.

Sikutaka kuamini. Nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nakunja uso: nikajaribu tena. Nikapaza sauti kwa makusudi, "We!", neno moja tu, hakuna hata mtu wa kumwambia. Ukalipuka tena chini ya mkono wangu.

Kwa hiyo nikanyamaza. Sokoni naita wateja kama kawaida, nikivuka mlango wa uani nimeshusha sauti. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba sita, bomba moja, choo kimoja. Mtu mkimya mle ndani ni shamba lisilo na mwenyewe. Walianza kunitangulizia ndoo bombani, nawaangalia tu. Wakawa wananitania, "Vipi, spika imekatika waya?" Mwingine akasema nimeokoka. Mama, baada ya wiki mbili, alikaa pembeni yangu akaniuliza kwa adabu kabisa kama nina mimba. Nikamweleza yote, akatazama mbwa, akasema, "Baba yako angekucheka." Lakini toka siku hiyo na yeye akaacha kuniita kwa kupayuka toka jikoni. Alikuwa anatembea mpaka nilipo.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi. Nilikuwa nabana meno mpaka taya linauma. Lakini kila jioni nikiweka kiganja, moyo bado upo. Unaruka, unajikwaa, lakini upo, na mie nikawa najiambia hilo pigo moja la leo nimelinunua kwa ile ndoo niliyoacha ipite.

Ikaja siku ya bodaboda. Ilipiga eksozi mlangoni, pah, kama bunduki. Mbwa akaruka, akabweka mara moja, akaanguka. Miguu imenyooka kama mbao, mate yanatoka, mkojo unatoka. Hatua mbili kutoka pale alikuwa amekaa binti wa jirani yetu wa chumba cha mbele, mtoto wa miaka miwili, na kikombe chake cha uji. Labda ni sekunde kumi. Halafu mbwa akainuka anayumba, akaenda kulamba uji uliomwagika.

Mama wa mtoto aliyaona yote. Alimnyakua mtoto wake akaingia ndani, akafunga mlango, na kutokea dirishani akasema mbwa ana kichaa. Simlaumu. Mate, kukakamaa, kuyumba: ukimuuliza mtu yeyote mtaani kwetu atakwambia hicho ni kichaa cha mbwa. Nikasogea dirishani nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba ni moyo, nimempeleka kwa bwana mifugo, chanjo ya kichaa kachanjwa. Na hiyo sauti ya chini ndo ikaharibu. Mie, ambaye nikikosa nguo moja kambani mtaa wote unajua, leo nanong'ona. Akaona naficha.

Jumamosi asubuhi akamleta mjumbe wa nyumba kumi.

Tukakaa uani, mjumbe kwenye kiti cha plastiki, jirani kwenye ngazi na mtoto mapajani, mie chini na mbwa, kamba nimeizungusha mkononi mara mbili na kiganja kiko mbavuni. Mama alikuwa ameshaniambia, ataongea yeye. Akaongea vizuri. Alieleza presha ya mbwa kama alivyowahi kueleza ya baba. Akatoa karatasi ya chanjo. Nikamwomba mjumbe aweke mkono asikie mwenyewe, akasema kwa upole, "Nina udhu, binti yangu, nakuamini tu." Jirani naye vilevile, hawezi kumshika mbwa. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa chini ya mkono wangu peke yangu, na hakuna wa kuupokea.

Mjumbe alikuwa mtu wa haki. Alisema kama karatasi ipo, basi mbwa afungwe nyuma ya choo wiki mbili, asimsogelee mtoto, bwana mifugo aje amtazame. Asipobadilika, yaishe. Mama akaitikia. Mie nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imeisha. Mjumbe alikuwa ameshaanza kuinuka.

Jirani akasema, wala hakupaza sauti, "Nyie hamuonagi. Baba yenu alianguka pale bombani mara mbili mbele ya macho yenu, mkasema uchovu. Leo niwaamini mkisema moyo?"

Alikuwa anasema kweli, na ndo maana.

Yote niliyoyasema siyakumbuki. Mama anasema nilianza na ukoo wake nikamalizia na mtoto. Ninachokumbuka ni kwamba nimesimama, na kwa kusimama nimeutoa mkono mbavuni. Miezi mitatu ya ndoo na utani na kubana meno ilitoka yote kwa pamoja, kwa sauti ya sokoni, na kwa muda mfupi nilisikia raha, sitadanganya. Sikumwangalia mbwa. Nilihisi kamba inakaza mkononi. Alikuwa ameshafika katikati yetu, mahali pake palepale, manyoya ya mgongo yamesimama. Alibweka kama mbwa wa miaka miwili. Mara tatu. Ya nne haikutoka.

Nilipopiga magoti na kurudisha kiganja, moyo ulikuwa unatetemeka bila kupiga, kama maji ya kwenye sufuria kabla hayajachemka. Nikamwambia basi, imeisha, hatugombani tena, lala. Nilimwambia kwa sauti ya chini kabisa. Ukapiga moja kubwa. Nikasubiri nyingine. Nilisubiri mpaka mama akanishika bega.

Mtoto akawa analia, jirani anamtikisa tu bila kumtazama. Mjumbe alivua kofia. Lakini ilibidi ajue kama mtoto yuko salama, hiyo ni kazi yake, kwa hiyo akaomba namba ya bwana mifugo, akapiga, akaweka laudispika ili sote tusikie. Bwana mifugo akauliza kama mbwa alimng'ata mtu, mama akasema hapana. Kama alikuwa anakunywa maji, mama akasema asubuhi kanywa bakuli zima. Basi si kichaa, akasema, huo ni moyo, msiwe na wasiwasi na mtoto. Jirani akashusha pumzi mpaka mabega yakashuka.

Halafu simu ikauliza, "Alishtuliwa na nini?"

Mama akafungua mdomo. Nilijua anataka kusema bodaboda. Jirani naye akasema, "Mie ndo niliye..." akaishia hapo.

"Ni mie," nikasema. "Nilipaza sauti."

Halafu bwana mifugo akasema pole, binti, na akatuelekeza tumzike leoleo, tuchimbe kina cha kiuno, mbwa wa mtaani wasije wakamfukua. Mjumbe akaenda kuazima chepe. Udongo wetu ni mchanga, unachimba huku unajirudia, ikafika adhuhuri hatujafika hata magotini. Jirani alitoka na kanga ya zamani akaiweka pembeni ya shimo, kwenye ukingo, akaondoka. Sikumshukuru. Nilikuwa nachimba.