Matumbawe ya Oraba

Lori la Mogga lilipofika Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, Drateru hakuwa na wasiwasi nalo. Mogga alikuwa wakala wa forodha, tena baba wa ubatizo wa bintiye, Sandra, na mizigo yake Drateru aliipungia mkono tu ivuke kwenda Kaya, ng'ambo ya pili. Ila siku ile kreti moja ilikuwa imepasuka pembeni, maranda yakimwagika.

"Iko nini huku ndani?"

"Tiles tu, Mama Sandra. Ya hoteli ya Juba."

Drateru aliingiza mkono akatoa kitu kama tawi, cheupe, kigumu, kilichojaa vitundu vidogo vidogo. Mtu mwingine pale angekiita jiwe. Drateru, mkaguzi wa viumbe pori, alikitambua mara moja. Aliwahi kupelekwa mafunzoni Mombasa, ambako ofisa mmoja wa Kenya, Kadzo, alimpandisha boti yenye sakafu ya kioo akamwonyesha matumbawe yakiwa hai. Wanyama wadogo sana, Kadzo alimweleza, huyajenga kwa karne nzima, na samaki huzaliana humo. Doria za baharini pekee hazitoshi, kwa sababu anayeyavunja huyavunja ili ayauze. Ndiyo maana nchi zimekubaliana yasivuke mpaka bila kibali cha kule yalikotoka. "Sisi tukipitwa," alisema, "mnabaki ninyi."

Mogga hakuwa na kibali. Alimsogelea, akashusha sauti.

"Mama Sandra, si sisi ni mutu moja? Funga tu. Kila mara wewe napitisha, leo iko shida gani?"

Kila mara. Kumbe Drateru alipokuwa akimpungia mkono kama ndugu, mwenzake alikuwa akimtumia kama mlango usio na komeo.

"Ulinifanya mjinga," alisema. "Mbele ya watu wote hapa."

Aliita askari. Mogga alipopandishwa gari hakumtazama. Jumapili iliyofuata kanisani Koboko, mke wa Mogga alihama benchi, na Sandra akauliza kwa nini mama yake hasalimiwi.

Kilichomtia nguvu ni simu ya mkuu wake wa Arua, Ezati. "Umefanya kazi, dada yangu. Leta yote huku, tutayafungia stoo. Kesi ikiisha yatarudishwa Kenya." Drateru aliyasindikiza mwenyewe mpaka Arua, akampigia Kadzo kumpa habari, na Kadzo akacheka kwa furaha mpaka simu ikakwaruza.

Miezi ikapita. Kesi haikuitwa, na Mogga akaachiwa. Kisha Drateru akaalikwa Arua kwenye semina ya mazingira, katika hoteli mpya upande wa Onduparaka. Alipoingia mapokezini alisimama ghafla. Ndani ya tangi la samaki, chini ya taa za buluu, yalikuwemo matawi meupe. Moja lilikuwa limekatika ncha. Yeye ndiye aliyelivunja kwa bahati mbaya alipokuwa akilifunga tena kwenye maranda.

Ezati alimkuta hapo, kikombe cha chai mkononi.

"Afande, haya si yale ya stoo?"

"Yalikuwa yamekufa tayari," Ezati alisema, akitabasamu kwa wageni waliokuwa wakipita. "Yangerudi baharini kuota? Mwenye hoteli ni rafiki wa ofisi. Ingia, tunaanza."

"Nimemfunga baba wa ubatizo wa mtoto wangu kwa ajili ya haya."

"Umefanya kazi yako. Sasa acha."

Hakuingia ukumbini. Alitoka uani, akalipiga picha tangi kupitia dirisha, akampigia Kadzo. Ilimwia vigumu kuanza.

"Yamefika hotelini," alisema hatimaye. "Ni sisi wenyewe tumeyatoa."

"Nitumie picha," Kadzo akasema, bila kucheka safari hii.

Kwa picha ile Nairobi waliiandikia Kampala, na wachunguzi wakaja. Matumbawe yalitolewa tangini, yakapelekwa Mombasa yakawe ushahidi na somo la wanafunzi. Ezati hakushtakiwa. Alihamishiwa wilaya nyingine, kwenye ofisi kubwa zaidi, na wenzake wakamfanyia karamu ya kumuaga. Drateru hakualikwa.

Bado yuko Oraba. Siku hizi anafungua kila kreti, ya mgeni na ya jirani, na madereva wanamnung'unikia foleni ikirefuka. Mogga naye amerudi kazini. Wakikutana, kila mmoja hugeukia upande wake.