Nani Kachemsha?

Shangazi yangu hapandwi na hasira kidogo kidogo kama watu wengine. Hasira yake haina ngazi, inaanzia ghorofani. Kwa hiyo siku ile bakuli lake alilompelekea Baba nyumbani liliporudi jikoni likiwa limejaa vilevile, hata mfuniko haujafunguliwa, nilisogeza visu mbali na mkono wake kabla sijasema neno.

"Kasema nini?" akaniuliza.

"Kasema moto umeua chakula."

Nieleze kwanza, maana jambo hili linanikera mpaka leo. Shangazi ni mpishi wa hospitali. Aliingia jiko lile akiwa msichana wa kumenya viazi, na sasa ndiye mkuu wake. Wenzake wanamwita Mama Mvuke, kwa sababu ukimtafuta asubuhi humuoni. Unaona wingu juu ya masufuria na kusikia sauti ndani ya wingu ikigomba. Aliolewa mara moja. Mume akasema mchuzi wake ni mwepesi, ndoa ikaishia hapo, na sitanii. Wagonjwa hawajui kwa majina, anawajua kwa meno: huyu anatafuna, huyu asagiwe, huyu anajifanya hawezi kutafuna ili abembelezwe. Ni moto wa kuotea mbali, lakini sijapata kuona mgonjwa aliyelala njaa zamu yake.

Baba yangu ndiye mdogo wake wa pekee. Bibi alipolazwa hospitalini humo humo, akapasuliwa na asiamke, Shangazi ndiye aliyemlea Baba. Alimlisha akiwa mtoto, akamlisha akiwa kijana, na anamlisha hadi leo ingawa kichwa chote kimejaa mvi.

Sasa Baba ana uvimbe tumboni. Daktari wa upasuaji hakumung'unya maneno. Alituambia sote kwamba uvimbe unatoleka, ila yeye hampasui mtu aliyekonda vile. "Arudishe mwili kwanza. Apate damu, apate nguvu, ndipo nimkate. Na msikawie, uvimbe hautusubiri." Shangazi alitoka pale anatabasamu. Kunenepesha mtu! Katika kazi zote za dunia, alikuwa amepewa ile anayoiweza.

Ndipo akatokea Bwana Mbichi.

Jina lake halisi silijui wala silitaki. Anapita nyumba kwa nyumba na suti ya kijivu, anauza chupa za maji ya majani na kuhubiri. Chakula kibichi ni uhai, chakula kilichopikwa ni maiti. Moto unaua antioksidanti. Neno hilo analitamka taratibu, kama anayemtambulisha mgeni rasmi. Chupa zake zimeandikwa kwa herufi za kijani: HAIJAGUSWA NA MOTO. Baba akanunua, akaiweka chupa mezani, na tangu hapo akafunga mdomo kwa kila kitu kilichopitia jikoni. Asubuhi kijiko cha chupa. Mchana kijiko cha chupa na kipande cha tango. Mkanda wake ukaishiwa matundu, akawa anafunga suruali kwa kamba.

Kinachoniudhi ni kwamba Bwana Mbichi hakusema uongo mtupu. Angesema uongo mtupu ningemmaliza siku hiyo hiyo. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyanya za kopo, chumba cha vipimo, na mambo haya ndiyo mkate wangu. Ukikata biringanya ukaliacha juu ya meza, linageuka jeusi, kwa sababu hewa inalila. Mwili nao unaliwa kwa namna yake. Ndani ya mimea kuna vitu vinavyozuia ulaji huo, ndivyo hivyo antioksidanti. Vingine ni dhaifu: joto likizidi vinakufa, au vinatorokea kwenye maji ya kuchemshia na kumwagwa nayo. Vitamini ya kwenye majani na pilipili hoho ndivyo ilivyo. Lakini vingine ni vibishi. Wekundu wa nyanya umejifungia ndani, na ukila nyanya mbichi tumbo linaambulia kidogo tu. Ipike na mafuta, iache irojeke, ndipo inauachia. Karoti vilevile. Yaani moto unaua huku na kufungua kule, na anayekwambia nusu moja tu anakuuzia kitu. Haya yote nilimweleza Baba. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akanywa kijiko chake.

Nirudi jikoni. Shangazi alikuwa bado ameshika mwiko.

"Na wewe msomi wa nyanya ulimjibu nini?"

Nikamwambia habari ya nyanya na karoti. Uso ukamchanua. "Umesikia?" akamwambia mwenzake aliyekuwa anamenya vitunguu. "Nyanya yangu inafunguka!" Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini na mimi ni wa ukoo ule ule, na nilikuwa nimechoka kuona kila mtu anajifanya ana haki.

"Ila majani, Shangazi, wewe unayaua kweli. Unayaweka motoni wagonjwa wakinywa chai, unayatoa mchana, halafu maji unamwaga. Vitu vyote vizuri vinanywewa na bomba."

Kisu cha vitunguu kikanyamaza.

"Yaani mimi ndiye nimechemsha?" akauliza Shangazi.

Kwetu sisi aliyechemsha ni aliyeweka kitu motoni, na pia ni aliyeboronga. Swali lake lilibeba maana zote mbili, na jibu lilikuwa moja.

"Umechemsha, Shangazi."

Mwiko uliruka ukagonga sinki. "Nimelisha jengo hili zima! Watu wameingia humu wamebebwa, wametoka wanatembea! Leo nafundishwa kuchemsha na mtoto niliyemfunga nepi!" Akageuka, akaona chupa ya Baba inachungulia kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimeichukua nikaipime kazini. Aliinyakua, akamimina kidogo kwenye sahani nyeupe, akainusa, kisha akatulia. Utulivu wake ulinitisha kuliko mwiko.

"Hii ni rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani gani? Tumia macho, usitumie shule."

Nikatazama. Ilikuwa khaki, rangi ya sare ya mlinzi iliyofuliwa sana. Akanishika shingo, akaniinamisha juu ya sufuria yake ya mboga. Rangi ilikuwa ile ile.

"Jani bichi likisagwa linatia doa nguoni halitoki," akasema. "Hili limechemka kuliko langu. Rangi ya majani yaliyokufa naijua mimi. Si umesema muuaji ndiye mimi?"

Akavua aproni. Anwani ilikuwa kwenye chupa, na palikuwa si mbali.

Ilikuwa ni nyuma ya banda la kuziba pancha. Tulisukuma mlango wa bati bila hodi. Bwana Mbichi alikuwa na fulana ya ndani, suti imetundikwa msumarini mbali na mvuke. Mbele yake pipa la chuma lilikuwa juu ya moto wa gesi, na ndani yake majani yanatokota mpaka povu linamwagika pembeni. Alikuwa anakoroga kwa mpini wa jembe.

"Hujambo, Bwana Mbichi?" Shangazi akasema kwa upole.

"Mama, hii... hii ni hatua tu."

"Hatua gani?"

"Isipochemka inachacha, Mama. Chupa zitapasuka majumbani mwa watu. Lazima ichemke, tena sana."

"Na yale maandishi?"

"Hayo ni ya kibiashara."

Alipewa vidonge vyake siku ile. Mafundi wa pancha waliacha matairi wakaja kusikiliza. Mengi siwezi kuyaandika, lakini moja nimelihifadhi: "Mimi nachemsha, ndiyo! Lakini siandiki kwenye sufuria kwamba sijachemsha!" Mimi nilikuwa nimetoa simu, napiga video ya pipa, ya povu, ya chupa tupu zilizopangwa zikisubiri uongo wao. Nilijisemea leo ndiyo mwisho, leo Baba atakula.

Tulimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini na jua linawaka. Shangazi alimwekea simu usoni hata hakumsalimu. Baba aliitazama video mpaka mwisho, bila kushtuka, kisha akamrudishia simu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba inachemshwa. Nilijua tangu chupa ya kwanza. Dada, mimi nimekulia chini ya masufuria yako. Nisiijue harufu ya majani yaliyochemshwa?"

Nilimpandishia Baba sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimwambia ametuchezea, kwamba anatuona wajinga, kwamba uvimbe unakula na yeye hali. Nikamuuliza sasa ni kwa nini, kwa nini basi. Hakunijibu mimi. Alimtazama dada yake.

"Daktari alisema nikinenepa ananikata," akasema. "Nikiwa hivi hawezi kunigusa. Mama aliingia mule anatembea kwa miguu yake, dada. Ulikuwepo."

Shangazi aliingia jikoni kwetu akafunga mlango kwa kishindo.

Mimi nilibaki na Baba, nimenuna, namchukia Bwana Mbichi, namchukia daktari na ulimi wake mwepesi, najichukia kwa hotuba yangu ya nyanya kwa mtu ambaye tatizo lake halikuwa nyanya. Kutoka jikoni zilisikika sauti za mifuniko inayotupwa, kisu kinachogonga ubao, na Shangazi akigombana na jiko letu kwamba halina nguvu. Halikuchukua muda. Alitoka na sahani: nyanya na karoti zilizorojeka katika mafuta, wali, na mboga za majani zilizoingia sufuriani mwisho kabisa, maji kidogo, bado kijani cha kung'aa. Aliniangalia kwa jicho kali nisithubutu kusema lolote. Sikuthubutu.

Baba aliigusa mboga kwa kijiko. "Dada, mbona mbichi hii?"

"Nyamaza. Ndivyo zinavyopikwa siku hizi." Alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Na mimi naogopa," akasema kwa sauti ile ile ya kugomba, maana nyingine hana. "Tangu siku ya Mama naogopa. Kila asubuhi naupita ule mlango aliopitishwa, naenda kuwasha jiko. Unadhani sioni? Basi ogopa, sikukatazi. Lakini ogopa huku umeshiba!"

Baba aliinamia sahani, blanketi limemteleza hadi miguuni. Kisha akachota kijiko kimoja. Alikula nyanya kwanza, halafu wali, halafu hata yale majani aliyoyaita mabichi. Alikula huku analia, machozi yanadondokea kwenye sahani, na Shangazi akamgombeza kwamba anazidisha chumvi.