Goossen Aliyetaka Kukaa Mbele

Goossen mpiga zumari alikuwa mtu wa kujiona, na uzee haukumpunguzia hata chembe. Zumari yake ya mfuko wa ngozi ilikuwa na sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni, lakini kila harusi upande ule wa Antwerpen alikaa yeye juu ya pipa, mbele, kwa sababu desturi humpa pipa anayepuliza. Mwenzake Wouter, mzee wa zeze, alisimama nyuma akiinamia nyuzi zake. Nani amtazame?

Basi mjane Katelijne, mwenye kilabu cha bia, akaagiza picha ya wazee hao wawili aitundike ukutani. Goossen alikuwa ameshamposa, akajibiwa, "Ngoja sikukuu ya kanisa, nitakwambia." Na picha ingetundikwa siku hiyohiyo. Ebo! Kichwa kikamvimba. Alimtaka yule mama kwelikweli, mpaka usingizini alimtaja; hilo tusimnyime.

"Mwanamke hatundiki uso asioutaka," akamtambia Wouter.

"Mbona na mimi nitatundikwa?"

"Wewe ni wa kujazia nafasi, mzee mwenzangu."

Asubuhi ya kuchorwa alijipaka ndevu rangi ya maganda ya kokwa za jozi, mvi zikawa kahawia, akaazima koti la mahameli la kinyozi, vifungo vikagoma kukutana. Adriaen mchoraji aliwaambia wakae bega kwa bega, wapumzike tu.

"Bega kwa bega na nani?" Goossen akafoka. "Mimi mbele! Tena unichore nikipuliza, watu waone mapafu."

"Utachoka, baba."

"Nichoke mimi? Chora, kijana!"

Adriaen akachora. Mtu akiomba aibu kwa mdomo wake mwenyewe, utamnyimaje? Joto la jiko lililowaka chumbani kwa mchoraji na kule kupuliza vikamtoa Goossen jasho, rangi ikamchuruzika shingoni mpaka kwenye kola. Wouter akamnong'oneza, "Futa ndevu, wewe." Akapigwa kiwiko cha ubavu.

Sikukuu ikafika, kilabu kikajaa, shuka lililofunika picha likavutwa. Loo! Mbele kabisa, mashavu kama maboga, macho yamemtoka pima, ndevu nusu nyeupe nusu kahawia, na kijito cha rangi kikishuka shingoni. Watu wakashika mbavu.

"Mzee, hapo unapuliza au unajifungua?" mwashi mmoja akauliza.

Goossen alikuwa akimtazama Katelijne tu. Katelijne hakucheka. Alisogea karibu, akaiangalia pembe ya nyuma ya picha, palipokuwa na mzee aliyeinamisha kichwa, sikio kwenye nyuzi, uso umetulia.

"Wouter," akasema taratibu, "miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya Goossen, mama."

Ndipo akamgeukia Goossen, akamwambia mbele za watu kwamba jibu lake ni hapana.

Baada ya mavuno Katelijne akaolewa na Wouter. Mpuliza mwingine hakuna, Goossen akaitwa, akaja na uchungu wake wote. Bwana harusi alikuwa akicheza na mkewe, kwa hiyo zeze halikuwapo, na kwa mara ya kwanza watu wakaisikia zumari peke yake. Wachezaji wakakanyagana. Wengine wakaziba masikio, wengine wakaanza kukaa mmoja mmoja. Hapo ndipo walipojua muziki ule siku zote ulikuwa wa nani.

Bibi harusi akamwendea, akamshika begani kwa upole.

"Pumzika, baba. Ngoja Wouter atupigie."